Bia Iliposhuka Kona Saba

Uvumi ulianza kwa doña Eduviges, muuza mkate. Ungeanza kwa mtu mwingine ningeupuuza, lakini Eduviges hana muda wa kutunga hadithi. Anaoka, anauza, analala. Siku hiyo alikuja dukani kwangu nimpunguzie kiuno cha sketi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, yeye akasema kama mtu anayetaja bei ya unga:

"Asunta, mto unapumua."

"Mto gani?"

"Ule wa mama yako. Nilimpelekea mlinzi mkate kule chini, kwenye ofisi ya zamani ya mabasi. Nikatua kapu sakafuni. Sakafu inapumua, Asunta. Vuuu, halafu kimya. Vuuu, halafu kimya. Kama mtu mwenye mafua."

"Umechoka wewe."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini masikio hayachoki."

Nikacheka, pini zikaanguka. Baadaye nilipokuwa naziokota, nilijikuta nimetega sikio kwenye sakafu yangu. Wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili lilinikwama kooni kama mfupa wa samaki, na hata leo nikimeza nausikia.

Naandika haya kwa sababu ninyi wa mtaa wa juu mmeshatuma watu mara tatu kuja kutazama meza yetu, na nasikia mnataka kutengeneza ya kwenu kabla ya Alasitas ijayo, sikukuu yetu ya vitu vidogo. Tengenezeni. Lakini msome hadi mwisho kwanza. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo mtanisamehe mwandiko. Mkiacha kusoma katikati, hilo mimi sitawasamehe.

Mtaa wetu unaitwa Siete Vueltas kwa kuwa barabara yake inateremka mlimani kwa kona saba. Zamani kila mtu aliyeshuka kutoka El Alto kwenda mjini alipita kwetu, kwa miguu au kwa basi dogo, na anayepita hununua. Huyu anataka kitufe, huyu kisigino kimemtoka, yule anakwenda harusini na pindo la sketi limefumuka. Tulikuwa na maduka arobaini.

Kisha vikaja vibanda vya kamba vinavyopita angani. Sivilaumu. Hata mimi navipanda, na magoti yangu yanashukuru. Lakini watu wale wale waliokuwa wakisimama mlangoni kwangu sasa walipita juu ya paa langu, na nilichokipata kutoka kwao kilikuwa kivuli. Kila nusu dakika kivuli cha kibanda kilitambaa juu ya kitambaa nilichokuwa nakikata, kikapanda ukutani, kikaondoka. Maduka arobaini yakawa kumi na manne.

Ndipo manispaa ikatuletea msanifu majengo, binti anaitwa Lucrecia, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi letu. Kwa wiki mbili tulimwona akipima mteremko kwa chombo chake cha miguu mitatu. Halafu akatuita kwenye ukumbi wa shule, akazima taa, akatuonyesha picha ukutani. Miti ilikuwepo, na mabenchi, na watu warefu wakitembeza mbwa.

Kisha Eduviges akauliza, "Binti yangu, hawa watu wanatoka wapi? Hakuna hata mmoja aliyevaa sketi."

"Wala kofia!" akadakia don Nemesio, mtengeneza kofia za duara. "Mimi nitamuuzia nani? Huyu mbwa?"

"Ni watu wa kompyuta tu, mamita," Lucrecia akasema, uso umemwiva.

"Basi wakanunue huko huko kwenye kompyuta!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na nadhani mpango wetu ungefia hapo, kama si don Hilarión Poma. Hilarión amezeeka akitengeneza vitu vidogo vya Alasitas: nyumba za plasta za kukaa kiganjani, magunia ya sukari ya ukubwa wa kidole gumba, masanduku ya safari ambayo sisimizi angeyabeba. Mtu huyu haongei. Siku hiyo aliinuka, akasema maneno mengi kuliko aliyosema harusini kwake.

"Tangu lini sisi tukaomba kitu kwa picha? Ukitaka nyumba, unanunua nyumba ndogo. Ukitaka gari, unanunua gari dogo. Mchana wa tarehe ishirini na nne Januari, saa sita kamili, inabarikiwa, na mwaka hauishi kabla haijakujia kubwa. Sasa tunataka mtaa. Basi tuutengeneze mdogo. Binti, nipe vipimo vyako."

Lucrecia alimtazama kama mtu aliyeombwa kutoa figo. Kisha akampa.

Sijui niwaelezeje nilichokiona wiki tatu baadaye. Hilarión alikuwa ameng'oa milango mitatu ya maduka yaliyofungwa, akailaza juu ya meza za shule, na juu yake akaumwaga mlima wetu kwa plasta. Kila hatua kumi za barabara zilikuwa upana wa kidole kimoja. Kona zote saba zilikuwepo. Pale barabara inapobonyea mbele ya duka langu, palibonyea. Ngazi za kanisa zilikuwepo, kumi na tisa, nilizihesabu. Juu ya yote alipaka vanishi, mlima ukang'aa kama uliotoka kunyeshewa. Nilikuwa nimeishi kwenye mtaa ule miaka hamsini na mbili na sikuwahi kuuona. Nikajikuta nimevua kofia. Nikageuka, nikaona wanawake wote ukumbini wamevua zao.

"Kila mtu atengeneze duka lake kwa mkono wake," Hilarión akasema. "Na mtu asitamke neno baya juu ya meza hii. Hakuna ugonjwa, hakuna hasara, hakuna kifo. Kitu kidogo kina masikio."

Sheria hiyo hakuitunga yeye, wote tumekua nayo. Kumbukeni neno hilo, maana ndilo lililotaka kuniulia mtoto.

Tukaleta vijiduka vyetu. Changu nilikishona, kuta za flaneli, sketi sita mlangoni kila moja ya ukubwa wa petali. Eduviges alikanda mikate ya unga halisi, panya wakaila, akakanda tena. Na tukaanza kuvihamisha. Hapo ndipo nilipojua kupanga mji ni nini: ni kunyanyua duka la jirani kwa vidole viwili mbele ya macho yake. Mkate ulipelekwa kona ya kwanza, karibu na kituo cha vibanda, maana mtu akinusa mkate atashuka. Fundi viatu akawekwa ubavuni mwangu, maana anayengoja kisigino hana la kufanya ila kutazama sketi. Mwenye supu na mwenye dawa za majani waligombana siku nne.

"Supu yako inanukia hadi kwenye dawa zangu!"

"Shukuru basi, angalau zitakuwa na ladha!"

Lucrecia aliandika kila kitu. Kuna jioni moja alifunga daftari akasema, "Doña Asunta, miaka mitano ya chuo, na sikuwahi kuona watu wakipanga hivi." Nikafurahi kana kwamba mtaa nimeujenga mimi.

Mwanangu Yovana alikuja wa mwisho. Ana miaka ishirini na miwili, anaoka keki na kupika api, ule uji wa zambarau, mzito na mtamu kuliko wangu ingawa sijawahi kumwambia. Kijiduka chake kilikuwa na kuta za njano, oveni ya kibiriti, na keki kama punje za dengu. Alizunguka meza mara mbili, watu wakimpisha, kisha akakiweka chini kabisa, kona ya saba, juu ya ile ofisi ya zamani ya mabasi.

"Hapa," akasema. "Juu nitauza, na kile chumba cha chini nitalala. Nimeshazungumza na mwenye nyumba. Ni kikavu, mama. Nitahamia kabla ya karnivali."

Watu wakapiga makofi. Mimi niliona mikono yao tu, sauti sikuisikia. Nilisikia vuuu, halafu kimya.

Mama yangu alifua nguo mahali pale. Palikuwa na mto unaitwa Chiyarjawira, mto mweusi, na nilikuwa na miaka saba walipoufunika kwa zege na kupitisha barabara juu yake. Nakumbuka mama akiwa amesimama na beseni kichwani, akitazama zege bichi. Alisimama mpaka nikamvuta sketi.

Mtauliza, kwa nini sikusema hapo hapo? Nitajibu kweli. Kwanza, kile kidogo kina masikio, na mama gani atamtamkia mwanawe mafuriko mbele ya duka lake linalosubiri baraka? Pili, ukumbini alikuwepo msanifu wa chuo, na mimi ni wa darasa la tano. Nikajiambia, ungekuwepo mto, huyu angeujua. Nikanyamaza. Nilinyamaza siku kumi na moja.

Tarehe ishirini na nne tulijaa ukumbini tangu asubuhi. Mahindi, viazi na jibini la kukaanga vilikuwa vimeshaliwa, vitambaa vya rangi vimetandikwa, ubani unafuka. Mzee wa kubariki alipitisha moshi juu ya kila kijiduka, akamtaja kila mwenye nacho kwa jina lake. Kengele za kanisa zikapiga saa sita, na mji mzima ukanguruma kama kawaida yake siku hiyo, kila mtu ameinua alichokinunua. Sisi tulikuwa na mtaa, hauinuliki. Tukaumwagia bia, maana kwetu bia ikimwagwa ndiyo baraka.

Tulimwaga palipo na kichwa cha mtaa, juu ya kona ya kwanza, ndivyo inavyofaa. Kila mmoja na chupa yake ya bia, na petali za njano kwa viganja. Watu arobaini kwa zamu. Bia ikajikusanya juu pale, povu jeupe, ikasitasita. Halafu ikaanza kushuka.

Ilishika barabara. Kona ya kwanza ikapinda nayo, ikapita mbele ya mkate. Kona ya pili ikapinda. Petali zilielea juu yake kama watu wa sikukuu wanaoteremka mjini. Ilipita mbele ya sketi zangu za flaneli na haikuzigusa.

Kona ya tatu barabara inapinda kushoto. Bia haikupinda.

Iliiacha barabara kana kwamba hajawahi mtu kuichora. Ikapita kati ya fundi viatu na studio ya picha, mahali ambapo hakuna hata kichochoro, ikanyooka chini, ikavuka kona ya nne, ya tano, ya sita, bila haraka, kama mtu anayerudi kwao gizani na hahitaji taa. Ikafika kona ya saba. Ikajaa pale. Ikapanda taratibu kwenye kuta za njano, na kijiduka cha mwanangu kikainuka, kikazunguka mara moja, kikalala ubavu katika dimbwi la petali.

Nimeona mlima Illimani ukiwaka alfajiri, nimeona watoto wangu wakizaliwa. Sijawahi kuona kitu kama bia ile ilivyoijua njia.

Halafu Nemesio akapaza sauti: "Bahati! Baraka yote imemfuata Yovana!"

Na ukumbi mzima ukapokea. Bahati! Imeacha barabara ikamtafuta! Wakamkumbatia, wakamrushia karatasi za rangi. Nemesio akanyakua kijiduka chake kutoka kona ya pili, akakisimamisha ubavuni mwa cha Yovana, ndani ya maji maji. Mwenye supu akafuata. Baada ya muda mfupi vijiduka vitano vilikuwa vimesongamana kule chini, kila mtu akitaka miguu yake ilowe bahati.

Nikafungua mdomo. "Mama yangu alikuwa anafua nguo pale," nikasema. "Pale kulikuwa na..."

"Doña Asunta!" Nemesio akanikata. "Usituletee mkosi saa ya baraka!"

"Mama," Yovana akasema kwa sauti ya chini, na ile ya chini ndiyo iliyoniuma. "Hata leo?"

Nikafunga mdomo. Lucrecia alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, petali kwenye nywele. Yeye hakushangilia. Alikuwa anafuata kwa kidole, hewani, njia ya bia kutoka kona ya tatu.

Baraka haifutwi. Bia ilikauka yenyewe, na petali zikanata kwenye vanishi, mstari wa njano kutoka kichwa cha mtaa hadi kwa mwanangu. Kila nilipoingia ukumbini uliniangalia. Yovana akapeleka oveni kule chini, oveni ya kweli, iliyobebwa na wanaume wanne. Akapeleka godoro.

Siku moja kabla ya mkutano wa kutia saini mpango, nilifanya jambo ambalo mtu wa hapa hafanyi. Niliingia ukumbini peke yangu, nikachukua kijiduka cha njano, nikakitia kifuani ndani ya shali. Mawazo yangu yalikuwa ya darasa la tano: kikubwa huja kwa sababu kidogo kipo. Kidogo kisipokuwepo, kikubwa kitaishia njiani.

Siku ya mkutano Yovana alitazama meza, akapauka.

"Duka langu liko wapi?"

Macho yote yakamwendea Nemesio.

"Mnanitazamia nini?" akang'aka.

"Wewe ndiye uliyeitamani ile nafasi!" akasema mwenye supu.

"Na wewe je? Si ulilisukuma la Yovana kwa kijiko chako?"

"Mwizi wa riziki ya mtoto wa watu! Ndiyo maana kofia zako zinabana, zimejaa dhambi!"

Nemesio alikuwa ameshavua koti. Ana kiherehere, lakini si mwizi, na nilimwona machozi yanamlengalenga. Nikaingiza mkono kifuani.

"Ni mimi," nikasema.

Nilikiweka mezani kilipokuwa. Yovana alinitazama kama anayemtazama mgeni aliyekutwa chumbani kwake.

"Mama. Umeniibia riziki yangu?"

"Nimekuibia kaburi," nikasema. Ndivyo lilivyotoka, neno baya kuliko yote, juu ya meza, mbele ya kila kidogo chenye masikio. Nikasikia watu wakivuta pumzi. Nikajua nikisimama hapo sitaanza tena, kwa hiyo nikachukua birika la chai la mkutano. Lilikuwa limejaa, lita tano. Nikaenda kichwani mwa mtaa.

"Hii haina baraka," nikasema. "Ni chai. Mzee hajaipitishia ubani, na saa sita imepita. Mtazame bahati inakwenda wapi."

Nikaimimina yote.

Chai ilishuka. Kona ya kwanza, ya pili. Kona ya tatu ikaiacha barabara. Ilipita juu ya mstari wa petali kama uzi unaorudi kwenye tundu la sindano, ikanyooka, ikafika kona ya saba, na ikavilaza vijiduka vyote vitano, cha njano kwanza.

"Bia ilikwenda pale," nikasema. "Chai imekwenda pale. Mvua ya Februari nayo mnadhani itauliza njia kwa Nemesio?"

Hakuna aliyecheka, hata Nemesio. Hilarión aliinama, akagusa chai kwa kidole, akasema taratibu, "Mlima niliumwaga kwa vipimo. Mimi sikuweka mto. Umeingia wenyewe."

Lucrecia akafungua mkoba. Tangu Alasitas alikuwa akitafuta kwenye kabati za manispaa, na asubuhi ile ndiyo alikuwa amepata: ramani ya zamani kuliko mimi, karatasi imekuwa rangi ya chai. Aliitandaza kando ya plasta. Palikuwa na mstari wa buluu uliofifia. Akaweka kidole juu yake, na kidole kingine juu ya petali, akavishusha pamoja. Vidole vyake vilipinda pamoja, vikanyooka pamoja, vikasimama pamoja. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu aliyekwisha kufa, paliandikwa Chiyarjawira.

"Nilipima mteremko tu," akasema. "Sikumuuliza mtu yeyote chini yake kuna nini. Nisamehe, doña Asunta."

Msanifu akaniomba radhi mimi. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Watu wakaanza kuondoa vijiduka vyao kona ya saba, kimya, kama wanaotoka kanisani. Kimoja kikabaki, kimelala ubavu. Yovana alikisimamisha, akakifuta kwa pindo la aproni.

"Mimi sitoki," akasema. "Kila nilichotaka tangu utoto umekiona hatari. Baiskeli, hatari. Chuo cha upishi Cochabamba, hatari. Leo ni chai. Kesho itakuwa nini, mama? Mate?" Akatoka, na siku kumi na mbili hakunisemesha.

Alisema kweli. Niliogopa vitu vingi mno, kwa hiyo nilipoogopa kitu cha kweli, sauti yangu ilikuwa ile ile.

Ikafika Jumanne ya karnivali. Kila mwenye duka alikuwa akilibariki, milango imefungwa riboni, petali zimemwagwa kuanzia kona ya kwanza hadi ya mwisho, mtaa wote ni njano. Saa tisa mchana mbingu ikawa rangi ya risasi. Tukasikia mvua ya mawe kwenye mabati ya juu kabla hatujaiona. Ilipofika haikunyesha, ilimwagwa. Ndani ya robo saa barabara ilikuwa nyeupe, halafu nyeupe ile ikaanza kutembea.

Nilikimbia kushuka. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, sketi nne mwilini, mawe yakinigonga kichwani maana kofia ilishakwenda. Sikumbuki kona ya tatu wala ya nne. Nakumbuka nilikuwa naita jina lake, na sauti yangu siisikii.

Alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa, ng'ambo ya duka lake, trei mbili za keki kichwani, amelowa.

"Niliimwagia sakafu bia," akaniambia, meno yanagongana. "Nikapiga magoti. Nikasikia, mama. Vuuu. Halafu ikaacha. Ilipoacha ndipo nilipoogopa."

Nikamshika mkono. Hatukuwahi kusema zaidi ya hapo, maana mto ukatoka.

Ulikuja kutoka sehemu mbili. Juu, maji ya barabara yalifika kona ya tatu, barabara ikapinda, maji hayakupinda. Yalipita kati ya fundi viatu na studio ya picha, yakauangusha ukuta wa ua, yakanyooka. Na chini, sakafu ya ofisi ya mabasi ilipasuka, mlango wa chuma ukatuna kama shavu, ukang'oka, na maji meusi yakasimama mlangoni, marefu kama mtu, kabla ya kulala. Yakakutana. Juu ya weusi ule zilielea petali zote za karnivali, maelfu, njano, zikizunguka polepole mahali lilipokuwa duka la mwanangu. Oveni ilizunguka mara moja kati yao, ikaenda.

Tulikuwa watu labda thelathini kwenye ngazi zile. Hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Tulikuwa tumeyaona haya mezani, madogo, na tulikuwa tukitazama yakiwa makubwa. Don Hilarión alivua kofia. Nemesio akavua na yake, akanivika mimi, maana kichwa changu kilikuwa kinatoka damu.

Maji yalimaliza kabla ya giza. Chumba cha chini kilijaa matope hadi darini. Hakufa mtu.

Yovana mwenyewe alikihamisha kijiduka chake. Hakukiweka karibu na changu. Yuko kona ya tano, upande ambao petali hazikupita. Natembea kwenda kunywa api yake, na hofu zangu nazikalia kimya, najitahidi. Kona ya saba hatujaweka duka. Lucrecia amechora ngazi za kuushusha mto wazi wazi, na manispaa imekubali kwa mdomo, saini bado. Mtaa haujafufuka wote. Tuko maduka ishirini na moja. Lakini sasa kuna watu wanaoshuka kwenye vibanda kuja kuitazama ile meza, na wakishuka wananusa mkate.

Sasa ninyi wa mtaa wa juu. Mkitengeneza ya kwenu, epukeni haya:

Msimwage baraka kabla hamjamwaga maji matupu.

Msimnyamazishe mtu kwa kumwambia analeta mkosi.

Msipange bila kuwauliza waliofua nguo hapo zamani.

Msipake mlima plasta kwa kukisia. Tafuteni vipimo.

Msimwache msanifu apime peke yake.

Msiweke duka mahali ambapo kila kitu kinakimbilia.

Msilale chumba cha chini miezi ya Januari, Februari na Machi.

Msiwaogopeshe watoto kwa kila kitu.

Msiibe kijiduka cha mtu. Semeni.

Msingoje siku kumi na moja.